Kamba Huyu Ni Nani? Namna ya Kumtambua na Kumpanga Mahali Pake

Katika madaftari mengi ya mialo ya pwani yetu, kamba huandikwa kwa neno moja tu. Kilo kumi za kamba, kilo tatu za kamba. Pengine karani huongeza "wakubwa" au "wadogo", maana ndivyo mnunuzi anavyolipa. Lakini ndoo moja iliyotoka Ghuba ya Ungwana, au kwenye midomo ya Rufiji, huweza kubeba spishi nne au tano, kila moja na maisha yake. Mmoja hukulia kwenye matope ya mikoko, mwingine kwenye majani ya bahari, mwingine hujizika mchangani mchana na kutoka usiku. Wote wakiandikwa kwa jina moja, spishi moja yaweza kupungua mwaka hadi mwaka na daftari lisiseme lolote, kwa kuwa nyingine imejaza pengo la uzito. Kenya iliposimamisha meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, mvutano na wavuvi wadogo ulikuwa umekwisha kuwa mrefu: nyavu zilizoharibiwa, samaki wachanga waliotupwa, kila upande ukidai kamba ni wake. Ugomvi kama huo hauamuliwi kwa haki pasipo kujua ni kamba gani anayevuliwa, wapi, na akiwa na umri gani.

Nawaandikia makarani wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), wanafunzi wa sayansi ya bahari, maofisa uvuvi wa wilaya, wafugaji wanaotafuta kamba wazazi, na yeyote anayetaka kumshika kamba mkononi na kusema kwa uhakika ni nani. Ninalowasihi ni moja: jina lije mwisho. Watu wengi huanza na jina, wakasema "huyu ni taiga" kwa kuwa ana milia, halafu wakatafuta ushahidi wa kulithibitisha. Ukiisha kutamka jina, macho huacha kuangalia. Anza na mwili, hatua kwa hatua, na pale ushahidi unapoishia ndipo nawe uishie.

Hatua ya kwanza haihusu spishi hata kidogo. Inauliza kamba huyu ni wa ukoo upi, kwa sababu tunaowaita kamba si ndugu wa karibu wote. Mlaze ubavu, utazame mkia wake. Mkia wa kamba una pingili sita, na kila pingili ina bamba linaloteremka ubavuni. Kwa kamba wa biashara wa pwani yetu, wa familia ya Penaeidae, mabamba hayo hupangana kama makuti ya paa: la kwanza hulilalia la pili, la pili hulilalia la tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa kundi jingine kubwa, Caridea, bamba la pingili ya pili ni pana na hulilalia la mbele yake pamoja na la nyuma yake. Alama hii haidanganyi, haihitaji hadubini, na hubaki hata kamba akiwa amepikwa, amegandishwa au amekaa kwenye spiriti miaka ishirini.

Thibitisha kwa miguu. Kamba ana jozi tano za miguu ya kutembelea. Penaeidae wana magando madogo kwenye jozi tatu za mwanzo, Caridea kwenye mbili za mwanzo tu. Ukimkuta jike aliyebeba mayai chini ya mkia, kati ya miguu ya kuogelea, huyo si Penaeidae kamwe, kwa kuwa jike wa Penaeidae huyaachia mayai baharini moja kwa moja. Ndiyo maana kamba mwenye mayai tumboni kwenye mdomo wa mto mara nyingi ni wa jenasi Macrobrachium, kamba wa mtoni wa kundi la Caridea anayeteremka hadi kwenye maji ya chumvichumvi. Huonekana kwenye nyavu za wavuvi wa deltani pamoja na kamba wa baharini, na wengi humhesabu kama mmoja wao.

Tofauti hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Oda nzima ya Decapoda, yenye kamba, kaa na kamba kochi, hugawanywa mara mbili. Upande mmoja ni Dendrobranchiata, wenye matamvua yaliyogawanyika matawi na wanaoachia mayai majini. Humo ndimo walimo Penaeidae na wale uduvi wadogo wa jenasi Acetes. Upande wa pili ni Pleocyemata, ambao majike yao hubeba mayai mwilini. Humo wamo Caridea, kaa wote na kamba kochi wote. Maana yake ni kwamba kamba wa mtoni mwenye mayai ana undugu wa karibu zaidi na kaa kuliko na kamba mweupe aliye naye kwenye ndoo. Umbo la nje limewafananisha kwa sababu wote huogelea na kuishi kwa namna inayokaribiana. Mtu akilielewa hili mapema, hatashangaa baadaye vitabu vinapowaweka mbalimbali viumbe ambao sokoni huuzwa fungu moja.

Kundi la tatu hukutana nalo zaidi wapiga mbizi wa Watamu, Mafia na Pemba. Ni Stenopodidea, na mwakilishi wake maarufu ni Stenopus hispidus, mwenye mistari mipana myekundu na myeupe na sharubu ndefu nyeupe. Mtambue kwa jozi ya tatu ya miguu, ambayo ni kubwa na ndefu kupita nyingine zote. Yeye na Lysmata amboinensis, kamba mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, wote wawili husafisha samaki kwenye matumbawe kwa kula vimelea na ngozi iliyokufa, na wageni huwadhani ndugu. Lysmata ni Caridea. Kazi moja haiwafanyi kuwa ukoo mmoja. Na yule mnyama bapa mwenye mikono ya mbele inayojikunja na kufyatuka, anayeingia kwenye nyavu za kamba na kukata vidole, si kamba kabisa. Ni oda yake peke yake, Stomatopoda.

Kwa mwaloni, basi, umebaki na Penaeidae. Vifaa vyako ni vichache: lensi ya kushika mkononi inayokuza mara kumi, kibano chenye ncha nyembamba, rula, sahani nyeupe, na taa unayoweza kuielekeza kutoka ubavuni. Taa ndiyo wengi huisahau. Mifereji na matuta ya gamba la kichwa hayaonekani mwanga ukitoka juu. Ukiuleta kutoka pembeni, kila mfereji hutupa kivuli chake na gamba lote husomeka. Kausha gamba kwa kitambaa kwanza, maana maji hung'aa na kuficha.

Sasa tazama upanga, ule mwiba mrefu unaotokeza mbele kati ya macho. Una meno juu, na kwa baadhi ya spishi chini pia. Yahesabu yote ya juu, pamoja na yale yanayoanzia nyuma ya macho juu ya gamba lenyewe, kisha ya chini, na uandike kwa mfano 7/3: saba juu, matatu chini. Swali la kwanza ni rahisi: je, kuna meno chini? Kama hakuna hata moja, kwa kamba wa kawaida wa mwaloni uko kwenye jenasi Metapenaeus, na anayepatikana zaidi kwetu ni Metapenaeus monoceros. Upanga wake umenyooka, na mwili wake una vinyweleo vifupi vinavyoufanya ukwaruze kidogo ukiupitishia kidole. Kama meno ya chini yapo, uko kwenye Penaeus.

Hapa pana mtego. Meno ya chini ya Penaeus yako kwenye nusu ya mbele ya upanga, na ncha ya upanga ndiyo kitu cha kwanza kuvunjika kamba wanapomiminwa kwenye ndoo. Penaeus aliyevunjika upanga huonekana hana meno ya chini, na karani humwandika Metapenaeus bila wasiwasi. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, angalia kama ncha ni nzima. Ikiwa imekatika, usiandike hesabu ya chini. Tegemea vile vinyweleo na mifereji ya gamba, na kwenye daftari uandike "upanga umevunjika". Wala usimpe spishi Metapenaeus kwa hesabu ya meno peke yake, kwa kuwa yuko ndugu yake, Metapenaeus stebbingi, ambaye naye hana meno ya chini. Dume mkubwa wa monoceros hujitambulisha kwa mguu wa tano, wenye pengo karibu na mwanzo wa kipande chake kirefu. Jike au mchanga asiye na alama iliyo wazi, mwandike Metapenaeus, uishie hapo.

Ndani ya Penaeus, geukia mgongo wa gamba la kichwa. Pande zote mbili za upanga huanzia mfereji unaoelekea nyuma. Kwa baadhi ya spishi mifereji hiyo ni mirefu, hukaribia ukingo wa nyuma wa gamba. Ukiiona mirefu namna hiyo, una kamba wa mchangani, wale wanaojizika. Hawa kwa kawaida wana jino moja tu chini ya upanga, pengine mawili. Mwenye mistari mipana ya kahawia mwilini, mkia wenye njano na buluu, na vimwiba vinavyochezacheza kwenye kingo za ncha ya mkia, ni wa kundi la japonicus. Mwenye mistari lakini ncha ya mkia wake haina vimwiba hivyo, mfikirie canaliculatus. Asiye na mistari, mwenye vimwiba, yuko upande wa latisulcatus. Ncha ya mkia hupuuzwa sana, nami naomba itazamwe kila mara: iguse ukingoni kwa ncha ya kibano na utahisi vimwiba kabla ya kuviona.

Mifereji ikiwa mifupi, peleka lensi ubavuni mwa gamba, chini na nyuma ya jicho, sehemu ambayo ini limelala ndani yake. Tafuta tuta jembamba linalokwenda mbele. Kama tuta hilo halipo, upanga ni mrefu wenye mpindo wa taratibu, meno ya juu ni saba hadi tisa na ya chini matatu hadi sita, na mwili ni mweupe unaopitisha mwanga na kunyunyiziwa vidoa vidogo, huyo ni Penaeus indicus. Ndiye kamba mweupe ambaye wavuvi wa Bagamoyo, Rufiji, Kipini na hata Sofala huko Msumbiji wanamtegemea kuliko mwingine. Hupenda matope na maji yaliyochafuka ya midomo ya mito, na ukimpata kwa wingi mahali penye mchanga safi na maji maangavu, hesabu tena kabla ya kuandika.

Tuta la ini likiwapo, umefika kwenye jozi inayowasumbua watu kuliko zote: Penaeus monodon na Penaeus semisulcatus. Wote wawili wana milia. Wote wawili wana meno sita hadi manane hivi juu na mawili hadi manne chini, kwa hiyo upanga hautakusaidia. Wote wawili wachuuzi huwaita taiga. Ukubwa nao hudanganya, kwa sababu ingawa monodon ndiye mkubwa wa familia nzima, na jike wake huweza kupita sentimita 30, monodon wa miezi michache analingana na semisulcatus mzima.

Alama ya kwanza ya kuwatenga ni sharubu. Za semisulcatus zina pingili za rangi, nyekundu na nyeupe zikipokezana tangu mwanzo hadi mwisho. Za monodon zina rangi moja, kahawia iliyofifia. Kwa kamba aliyetoka majini sasa hivi hili hutosha kukupa mwelekeo. Lakini sharubu hukatika, na kamba wa kwenye barafu mara nyingi hubaki na vipande vifupi tu. Basi rudi kwenye tuta la ini na ulete taa kutoka ubavuni. Kwa monodon tuta hilo limenyooka, karibu limelala sambamba na upande wa chini wa gamba. Kwa semisulcatus limeinama, mbele likielekea chini. Mara ya kwanza utaona shida kuamua. Weka kamba wawili wenye sharubu kamili kwenye sahani moja, mmoja wa kila spishi, ulinganishe, na jicho litazoea.

Alama ya tatu ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa haina kadiri: ipo au haipo. Inua ukingo wa chini wa gamba la kichwa kwa kibano, utazame mguu wa tano wa kutembelea, pale unapoungana na mwili. Kwa semisulcatus kuna kitawi kidogo cha pembeni kinachochipuka karibu na shina la mguu, kimefichika chini ya gamba. Kwa monodon kitawi hicho hakipo kwenye mguu wa tano, ingawa kipo kwenye miguu ya mbele yake. Tazama mguu wa nne kwanza ujue kitawi kinafananaje, kisha nenda wa tano. Angalia pande zote mbili, maana kinaweza kuwa kimevunjika upande mmoja.

Kwa mfugaji, kazi hii ina faida ya moja kwa moja. Anayenunua jike mzazi wa monodon kwa bei ya juu, akapewa semisulcatus, atagundua kosa baada ya miezi ya chakula na pampu, kamba wakikataa kukua alivyotarajia. Dakika mbili za kuinua gamba kabla ya kulipa zingemwokoa. Na kwa Waswahili walioko Kuwait au pwani ya mashariki ya Saudia, jozi hii ni ya kila siku sokoni, kwa kuwa semisulcatus ndiye kamba mkuu wa Ghuba, wakati monodon huko hufika zaidi kwa barafu kutoka mashamba ya Asia.

Nimetaja rangi mara kadhaa, kwa hiyo niseme wazi nafasi yake. Rangi ni ushahidi mzuri kwa dakika chache za mwanzo na ushahidi mbaya baada ya hapo. Kamba hubadilisha rangi kufuatana na matope au mchanga alikolala. Akifa na kukaa joto, vimeng'enya vyake humtia weusi kichwani na kwenye viungo. Akipikwa, rangi iitwayo astaksanthini, ambayo akiwa hai ilikuwa imefungwa ndani ya protini na kuonekana ya kijivu au buluu, hufunguka na kuwa nyekundu, na spishi zote huwa za rangi moja. Spiriti nayo huifyonza. Piga picha mapema, akiwa bado na unyevu wa bahari: moja ya ubavu mzima pamoja na rula, moja ya mgongo wa gamba, moja ya ncha ya mkia, moja ya upande wa chini wa kifua. Picha iliyopigwa kutoka juu ndani ya ndoo haina faida kwa yeyote.

Upande wa chini una habari zake. Dume ana kiungo kilichofanyika kwa kuungana jozi ya kwanza ya miguu ya kuogelea, wataalamu hukiita petasma. Jike ana mabamba kati ya miguu ya nyuma ya kutembelea ambamo hupokea mbegu. Maumbo haya hutofautiana kwa kila spishi, na mtaalamu mwenye shaka huishia hapo. Kwa spishi zetu zote za Penaeus nilizozitaja, mahali pa jike pamefunikwa kwa mabamba au kifuko. Ukikuta jike mkubwa ambaye hapo pake pako wazi kabisa, huyo huenda ni Penaeus vannamei, kamba wa pwani ya Pasifiki ya Amerika anayefugwa duniani kote. Akitoka kwenye wavu wako wa baharini, usimuuze. Mpeleke mzima, akiwa kwenye barafu, kwa taasisi ya utafiti iliyo karibu, kwa sababu kamba mgeni aliyetoroka bwawani ni habari ambayo nchi inapaswa kuijua siku hiyohiyo.

Kwa kamba wachanga nashauri ukali zaidi. Mayai huanguliwa baharini, viluwiluwi hupitia maumbo kadhaa, kisha huingia mikokoni wakiwa na urefu wa milimita chache. Katika umri huo upanga haujatimiza meno, milia haijatulia, petasma haijaungana. Mchanga wa chini ya sentimita tatu au nne mwandike kwa jenasi, au hata kwa familia, isipokuwa umefundishwa kazi hiyo na una hadubini. Takwimu za mikoko zimeharibiwa na majina ya spishi yaliyopewa watoto wasioweza kutambulika kuliko na kukosa majina.

Ukiisha kufika kwenye spishi, utakutana na fujo ya majina kwenye vitabu, nayo ina sababu. Mwaka 1997 Isabel Pérez Farfante na Brian Kensley walizipandisha jenasi ndogo za Penaeus kuwa jenasi kamili. Penaeus indicus akawa Fenneropenaeus indicus, japonicus akawa Marsupenaeus, vannamei akawa Litopenaeus. Wafugaji na maofisa uvuvi walilalamika, na baadaye utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba baadhi ya migawanyo hiyo haikufuata undugu wa kweli. Wataalamu wengi leo wamerudi kwenye Penaeus. Nami nashauri urudi pia, lakini uyajue majina yote mawili, kwa sababu ripoti za miaka ya 2000 zimeandikwa kwa yale mengine, na mwanafunzi asiyejua atadhani ni kamba wawili.

Mabano nayo husomwa. Johan Christian Fabricius aliwaelezea Penaeus monodon na ndugu yetu monoceros katika kazi moja, mwaka 1798. Wa kwanza huandikwa Penaeus monodon Fabricius, 1798, bila mabano. Wa pili Metapenaeus monoceros (Fabricius, 1798). Mabano yanasema kwamba spishi imehamishwa kutoka jenasi aliyoiweka mwenyewe. Ndiyo maana indicus huandikwa Penaeus indicus H. Milne Edwards, 1837 bila mabano, na akiitwa Fenneropenaeus mabano hurudi. Kabla ya kuandika ripoti, pitia jina kwenye orodha ya kimataifa ya spishi za bahari, WoRMS, inayopatikana bure kwenye intaneti na kusahihishwa na wataalamu wa kila kundi.

Tena wakati mwingine kinachobadilika ni zaidi ya jina. Kamba wa mistari tuliyekuwa tukimwita japonicus amegawanywa: mwaka 2014 watafiti walionyesha kwa vinasaba na kwa michoro ya rangi ya gamba kwamba ni spishi mbili, na wa magharibi ya Bahari ya Hindi ni Penaeus pulchricaudatus, jina alilopewa na Stebbing mwaka 1914 kisha likazikwa kwa miongo mingi. Makarani walioandika "japonicus" Malindi au Mafia hawakukosea kwa elimu ya wakati wao. Lakini ni wale tu waliohifadhi sampuli na picha ndio wanaoweza leo kurekebisha kumbukumbu zao. Wengine wamebaki na neno lisilokaguliwa.

Basi hifadhi sampuli. Kwa kila spishi unayoiandika kwenye eneo jipya au msimu mpya, weka angalau kamba mmoja mzima, dume na jike ukiweza. Tumia ethanoli ya asilimia 95, ujazo wake uwe mara kadhaa ya kamba, na uibadilishe baada ya siku moja kwa kuwa maji ya mwili huizimua. Formalini hulinda umbo vizuri lakini huharibu DNA, na mvuke wake una madhara kwa afya; nyumbani isiingie. Kama unataka vipimo vya DNA, kata mguu mmoja wa kuogelea au kipande cha nyama cha ukubwa wa punje ya mchele kabla ya kitu kingine chochote, ukiweke kwenye chupa yake, na ufute kibano kati ya kamba na kamba. Maabara husoma kipande cha herufi kama 650 cha jeni iitwayo COI na kukilinganisha na hazina za kimataifa. Jibu likija, likaribishe kwa tahadhari: hazina hizo zina majina yaliyowekwa na watu, na baadhi yao walimtambua kamba wao vibaya. DNA inayosema semisulcatus huku mguu wa tano hauna kitawi inakutaka urudi kwenye chupa ukaangalie tena, au umuulize aliyechanganya vibandiko.

Kibandiko kiandikwe kwa penseli kwenye karatasi nzito na kiingie ndani ya chupa pamoja na kamba. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na kibandiko cha nje hubanduka. Kiwe na tarehe, mahali pa kuvulia (siyo pa kuuzia), kina cha maji, aina ya wavu, na jina la aliyemtambua. Hilo la mwisho watu huliona aibu. Liandike, kwa sababu anayekuja baadaye anahitaji kujua amuulize nani.

Vitabu vya kuanzia viko. FAO ilitoa mwongozo wa spishi za uvuvi za Tanzania ulioandikwa na Gabriella Bianchi mwaka 1985, na mwongozo wa Kenya wa Rose Anam na Edoardo Mostarda mwaka 2012. Vyote vina michoro ya kamba na hupatikana bure kwenye hazina ya FAO. Uwe na vyote viwili, kwa kuwa wa zamani hauna mabadiliko niliyoyataja na wa karibuni huyafafanua baadhi tu. Ukikwama, taasisi za utafiti zipo: TAFIRI huko Tanzania, KMFRI huko Mombasa, na Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar zina watu wanaowajua kamba. Mtume mtu na chupa, au tuma picha zile nne.

Na ukimpata kamba asiyelingana na mwongozo wowote? Kwa kamba wa nyavuni, uwezekano mkubwa ni kwamba ni mchanga, amevunjika, au amekuja na meli ya kina kirefu na mwongozo wako ni wa maji mafupi. Kwa kamba wadogo wa matumbawe, wale wanaoishi ndani ya anemoni, sponji na mashimo ya samaki, uwezekano wa spishi isiyo na jina ni wa kweli. Hata hivyo spishi mpya haizaliwi kwa kutangazwa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo linalotumika tangu mwanzo wa mwaka 2000, zinataka maelezo yaliyochapishwa ya kumtofautisha na ndugu zake, na sampuli iliyoteuliwa rasmi kuwa kielelezo cha jina. Wewe uliyemwokota, kazi yako ni kuhakikisha sampuli hiyo ni nzima, ina tarehe na mahali, na inafika makumbusho au chuo kitakachoitunza.

Katika daftari la mwalo, wakati huohuo, anza kesho na safu nne badala ya moja: indicus, monodon na semisulcatus pamoja kama huna muda wa kuinua gamba, Metapenaeus, na wengine. Chota kamba hamsini bila kuchagua kutoka ndoo moja kwa siku, wapange, wapime, uandike. Safu ya "wengine" usiione haya ikijaa. Ikizidi moja ya tano ya hesabu yako wiki kadhaa mfululizo, chukua chupa tatu za kutoka humo umpelekee mtaalamu, uongeze safu ya tano.